Orodha Iliyomruka Mama Safari

Kompyuta ya kwanza niliyoigusa Katesh ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, kama redio ya sebuleni, na mlangoni mwa chumba chake kulikuwa na jozi tano za viatu. Waliotuletea walimwambia mkuu wetu wa ofisi ya mifugo kwamba vumbi huua kompyuta, kwa hiyo tuliingia peku. Upepo wa Hanang haukuwa na habari na viatu vyetu. Vumbi lilipita dirishani na kukaa popote lilipotaka. Utaratibu ule ulidumu miaka mitatu, na mpaka leo siwezi kuandika programu nikiwa nimevaa viatu.

Nawaandikia ninyi mlioachiwa viti vyetu, na hasa wewe uliyeniuliza, siku ya kuniaga, kwa nini sehemu ya orodha ya programu yetu ya chanjo haina hata mstari mmoja unaomuuliza mfugaji ni wa aina gani. Nilikuwa na sahani ya pilau mkononi, nikakujibu kwa kifupi. Jibu refu ndilo hili. Vyeo na mishahara sitavigusa, maana vyote vilichelewa.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Majosho ya serikali yalikuwa yanakauka moja baada ya jingine, dawa za mifugo zikaanza kuuzwa madukani pamoja na sabuni na betri, na kila mfugaji akawa daktari wa ng'ombe wake. Katikati ya hali hiyo mradi fulani ukatuachia kompyuta mbili na printa yenye kelele za mashine ya kusaga. Mimi, Paskalina, binti wa kijiji cha Tlawi mwenye cheti cha kupiga chapa, nikaambiwa nizitunze. Sikujua hata swichi iko wapi. Niliitafuta asubuhi nzima, na sikumuuliza mtu kwa sababu niliona aibu.

Aliyenifundisha kazi hakuwa mtu wa kompyuta. Alikuwa Mzee Amsi, bwana mifugo wetu, mtu mrefu aliyevaa koti la mvua hata kiangazi, mwenye pikipiki na kaunta buku sita alizozifunga kwa mpira wa tairi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuziingiza kaunta buku hizo kwenye kompyuta. Nilipozifungua nilishangaa. Kila ukurasa ulikuwa wa boma moja: jina la anayekaa pale, na ng'ombe wanaolala pale, kwa rangi zao na pembe zao, na chanjo walizopata. Mwenye ng'ombe hakuandikwa popote.

"Shikamoo Mzee," nikamwambia. "Mbona hukuandika hawa ng'ombe ni wa nani?"

"Marahaba. Sindano inamchoma ng'ombe, au inamchoma mwenyewe?"

"Inamchoma ng'ombe."

"Haya. Andika."

Niliona ni mzee mkaidi tu. Wiki iliyofuata akanipakia kwenye pikipiki tukaenda kijiji cha Gehandu, na huko mimi, msomi wa kupiga chapa, nikamuuliza baba mmoja mbele ya zizi lake, "Hawa wote ni wa kwenu?" Yule baba akatazama mawingu, akasema mvua mwaka huu ni ya wasiwasi, akaingia ndani na hakutoka tena. Mzee Amsi alinisema njia nzima ya kurudi. Alisema huku mtu haulizwi ng'ombe ni wa nani, anaulizwa wamelalaje. Nusu ya zizi linaweza kuwa la shemeji aliyeko mlimani, au la rafiki wa baba aliyeko Basotu. Mwenye ng'ombe wengi huwawekesha kwa watu, mmoja huku, watatu kule, ili ugonjwa au ukame usimmalize kwa siku moja. Anayewekeshwa hunywa maziwa na kupata mbolea. Ndama wanabaki wa mwenyewe. Ukimuuliza mbele za watu kama ni wake, umemvua nguo.

Mimi mwenyewe nililijua hilo tangu utoto, kwa kuwa baba yangu alikuwa na ng'ombe wa watu zizini. Nilikuwa nimelisahau kwa sababu ya kompyuta. Na haikuwa mara ya mwisho.

Mkoa ulipogawanywa, sisi tukatolewa Arusha tukawa Manyara, na mafaili yakagawanywa kama vyombo vya nyumba inayohama. Kumbukumbu zetu zilitakiwa zijitegemee. Nikapelekwa kozini, na huko ndiko nilikofundishwa kuandika programu kwa mtindo ule mnaoutumia leo, wa kugawa kazi katika vitu, kila kitu kikiwa na aina yake na tabia zake, na aina ndogo zikirithi kutoka kwa aina mama. Niliupenda mara moja. Mfano wa kozini ulikuwa wa gari na mmiliki wake: gari lina mmiliki mmoja, mmiliki ana jina na anwani, ukitaka kumpata mtu wa gari unamtafuta mmiliki. Nikarudi Katesh na daftari langu, nikafuta gari, nikaandika ng'ombe. Kaunta buku za Mzee Amsi nikaziona za kizamani.

Mkufunzi wetu aliitwa Elibariki, mdogo kwangu kwa miaka kumi, mpole, mwenye uvumilivu wa mwalimu wa chekechea. Ndiye aliyenifundisha kujaribu programu kipande kwa kipande: unaandika jaribio dogo, unaliendesha, likipita linatokea la kijani, likishindwa linatokea jekundu. Na ndiye aliyenifundisha moki. Mnajua mtihani wa moki. Hii ni moki ya kitu. Kama kipande unachojaribu kinahitaji printa, huwashi printa, unaweka printa ya kuigiza inayojibu yale uliyoiagiza ijibu. Mama yangu mdogo alikuwa muuguzi, na alijifunza kupiga sindano kwa kutumia chungwa. Moki ndiyo chungwa lile. Linakufundisha mkono, lakini halipigi teke, na hilo Elibariki hakulisema kwa sababu hakuwahi kushika ng'ombe.

Nikaandika programu ya orodha za chanjo. Ilipitia kumbukumbu zote, ikamchukua kila mtu mwenye ng'ombe, ikauliza, "Je, huyu ni wa aina ya Mmiliki?" Akiwa ndiye, jina lake na ng'ombe wake waliingia kwenye orodha ya kijiji. Asipokuwa ndiye, programu ilimruka kimya na kuendelea. Wakati ule hakukuwa na wa kurukwa, kwa kuwa aina ilikuwa moja tu. Mzee Amsi alipoiona akauliza waliowekeshwa wako wapi. Nikanung'unika, lakini nikatii: nikatengeneza aina mama, Mfugaji, na chini yake watoto wawili, Mmiliki na Mtunzaji. Mzee akanitajia nani ni nani, nami nikawapanga vizuri sana. Sehemu ya orodha sikuigusa, kwa kuwa ilikuwa inafanya kazi.

Halafu nikarekebisha jaribio la orodha. Badala ya moki ya Mmiliki nikaweka moki ya Mfugaji, mfugaji yeyote tu. Nikaendesha. Likatokea jekundu. Jaribio lilitarajia jina moja kwenye orodha, na orodha ilitoka tupu.

Hapa naomba msome polepole. Nilikaa na ule wekundu saa nzima, peku, chai ikipoa. Nikagundua kwamba moki yangu inakataliwa mlangoni: programu inaiuliza kama ni Mmiliki, nayo haiwezi kusema ndiyo. Nikacheka. Nikasema, kumbe tatizo ni moki. Kile chombo cha kutengenezea moki kilikuwa na njia ya kuivisha moki aina yoyote, ili ikiulizwa ijibu, "Mimi ni Mmiliki." Mstari mmoja. Nikauandika, nikaendesha, kijani kikajaa ukurasa mzima. Nikaenda kununua maandazi kuwapongeza wenzangu, ingawa hawakujua wanapongezwa kwa nini.

Lile jaribio lilikuwa limeniambia ukweli. Lilisema: akija mfugaji asiye mmiliki, programu yako itamruka. Nami nikalifundisha kusema uongo ili linipe rangi niliyoipenda.

Miezi michache baadaye homa ya mapafu ya ng'ombe ikaingia kutoka upande wa mabondeni. Ng'ombe anakohoa, anatanua viwiko vya miguu ya mbele, anadhoofika, na wengi hufa. Chanjo ilikuja kwenye maboksi ya barafu, si nyingi, na kwa mara ya kwanza tukagawa kwa orodha ya kompyuta. Mzee Amsi alikuwa karibu kustaafu. Alishika orodha ya Gehandu akaipima mkononi.

"Mbona Gehandu imekonda?"

"Mzee, majaribio yote yamepita. Yote ni ya kijani."

"Mimi naijua Gehandu."

"Na mimi naijua programu," nikamjibu. Nilikuwa na kiburi siku hizo, na najisikia vibaya kuliandika hili.

Timu ikaenda Gehandu, ikachanja kwa orodha, ikaondoka kuelekea Basotu. Kesho yake asubuhi mwanamke alisimama mlangoni petu, ndala mkononi, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Aliwatazama wote waliokuwa ndani, akanichagua mimi kwa sababu ndiye niliyekaa mbele ya kompyuta.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Mama Safari, wa Gehandu. Jana walipita na sindano. Wamechanja kwa jirani zangu wa juu, wamechanja kwa jirani wa chini. Kwangu wamesimama, wamesoma karatasi, wamesema sipo. Nimekuja kuuliza. Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, mama."

"Jirani wa chini ng'ombe wake wanakohoa. Kwangu wako tisa. Hawa si wangu mimi, ni wa mzee mmoja wa Tlawi, aliniwekeshea mume wangu alipofariki. Watoto wangu wanakunywa maziwa hayo hayo. Wakifa hawa, nani tena ataniwekeshea? Watasema kwa Mama Safari ng'ombe hawakai."

Hakupaza sauti hata kidogo. Nilifungua kumbukumbu nikamwona: Mama Safari, Gehandu, ng'ombe tisa, aina yake Mtunzaji. Alikuwamo, na kila kitu kilikuwa sahihi. Nikafungua sehemu ya orodha nikasoma lile swali nililoliandika mwenyewe. Nikafungua jaribio nikaona ule mstari mmoja. Nikatafuta watunzaji wengine wa Gehandu, na majina yakashuka kwenye kioo hadi nikaacha kuyahesabu. Basotu ilikuwa hivyo hivyo, na timu ilikuwa huko saa ile ile ikiwaruka watu.

Nitawaambia nilichokiwaza, kwa kuwa nanyi mtakiwaza siku moja. Niliwaza kurekebisha kimya kimya, nichapishe orodha mpya, niseme kompyuta ilipatwa na hitilafu ya umeme. Kila mtu angeamini; umeme wa Katesh wakati ule ulibebeshwa dhambi za watu wengi. Lakini orodha mpya isingefika Basotu yenyewe, na ningehitaji gari, na gari lingehitaji maelezo. Kwa hiyo siwezi kujisifu kwa uaminifu peke yake. Nilikwenda uani alipokuwa Mzee Amsi akifunga mzigo kwenye pikipiki, nikamwambia programu imewaruka wote waliowekeshwa, na kosa ni langu, na jaribio lilinionyesha mapema nikalinyamazisha.

Alinitazama. Nilingoja anikumbushe nilivyomjibu.

"Kaunta buku ziko wapi?" akauliza.

"Kabatini."

"Zilete."

Tuliondoka na Land Rover, Mama Safari kati yetu, kaunta buku mapajani mwangu. Tuliikuta timu kando ya ziwa Basotu, wameshamaliza upande mmoja wa kijiji. Kwa bahati walikuwa hawajachanganya chupa za mwisho. Chanjo ile ikishachanganywa haingoji. Mzee Amsi aliwasimamisha, akafungua ukurasa, akaanza kusoma maboma kwa majina ya wanaokaa pale. Tukarudi nao Gehandu jua likiwa bado juu. Mimi nilishika kamba. Ng'ombe wa Mama Safari walichanjwa wote tisa, na mmoja alinipiga teke la paja ambalo nilistahili.

Programu niliirekebisha wiki hiyo hiyo, na hivi ndivyo mlivyoikuta. Nililifuta lile swali la aina. Badala yake kila mfugaji, awe Mmiliki au Mtunzaji, anaombwa kitu kimoja: nipe waliolala kwako. Mmiliki anawatoa walio zizini mwake tu, mtunzaji anawatoa walio kwake, na orodha haina haja ya kujua nani ni nani. Ikitokea aina nyingine kesho, nayo itajibu kwa namna yake. Kama kuna mtu asiyeweza kujibu, programu inapiga kelele na kusimama, haimruki tena kimya. Katika jaribio niliitoa moki nikaweka Mmiliki wa kweli na Mtunzaji wa kweli, kwa sababu ni vitu vidogo, havihitaji umeme wala mtandao, na sikuwa na sababu ya kuviigiza isipokuwa uvivu. Moki nikaziacha kwa printa na kwa kumbukumbu zenyewe, mahali ambapo kuigiza kuna maana. Nilipomsimulia Elibariki kwa simu, nimesimama kwenye kile kilima nyuma ya soko kilichokuwa na mtandao, aliniomba nimsomee ule mstari mmoja. Kisha akasema atabadilisha mfano wa gari.

Ng'ombe mmoja wa Mama Safari alikufa. Mweupe mwenye mabaka mekundu mbavuni, mwenye maziwa mengi. Alianza kukohoa siku chache baada ya chanjo, na Mzee Amsi alisema huenda alikuwa ameshaambukizwa kabla, hata orodha ingekuwa sahihi. Alisema hivyo kwa wema. Mimi nilijua neno hilo, "huenda", halitaniondoka, na halijaniondoka.

Huku kwetu ng'ombe aliyewekeshwa akifa, mtunzaji humpelekea mwenyewe ngozi, aione kwa macho yake kwamba mnyama alikufa kweli, hakuuzwa wala kuliwa kwa siri. Mzee Amsi alikagua, mzoga ukafukiwa, ngozi ikakaushwa vizuri kwanza. Nikamwambia Mama Safari nitakwenda naye. Alikataa, akasema hilo ni la nyumba yake. Nikamwambia hapana, mama, ngozi hii ni ya kwangu.

Tulipanda Tlawi siku ya Jumamosi. Mwenye ng'ombe alikuwa mzee mdogo wa umbo aliyekuwa akipalilia maharage, na aliendelea kupalilia mpaka mwisho wa mstari ndipo akaja. Tulimwamkia. Mama Safari akaitandaza ngozi chini na kurudi nyuma, mikono ameikunja. Kabla hajafungua mdomo nikasema mimi. Nilimweleza yule mzee kila kitu, kwa Kiiraqw, bila neno hata moja la kompyuta: kwamba niliandika orodha ya wenye ng'ombe nikawasahau wanaowalaza, kwamba nilionywa nikapuuza, kwamba mama huyu alitembea kwa miguu hadi Katesh kuwaombea ng'ombe wasio wake, na kwamba wanane wamesimama kwa sababu yake.

Mzee akaipapasa ngozi, akayafuata mabaka kwa kidole.

"Huyu alikuwa na mama mkali," akasema. Kisha akamgeukia Mama Safari. "Watoto wanakunywa nini sasa?"

"Wako wawili wanakamuliwa, baba."

"Hawatoshi. Utashuka na mwingine."

Mama Safari akajifunika uso kwa khanga, akalia, na mimi nikalia pia. Nilidhani yamekwisha. Mzee akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Na wewe binti, una zizi huko Katesh?"

"Nina uwanja, mzee. Zizi sina."

"Jenga. Nina mtamba nitakuwekeshea."

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamuuliza kwa nini anipe mimi, mimi niliyemuulia ng'ombe wake.

"Kwa sababu akifa utakuja kuniambia," akasema, akarudi kwenye maharage yake.

Nilijenga zizi kwa miti na matawi ya miiba niliyoyapata, baya mno, likaanguka mara mbili. Siku mtamba alipofika, nilikwenda ofisini, nikavua viatu, nikafungua kumbukumbu na kuandika: Paskalina, Katesh, ng'ombe mmoja, mweusi, pembe fupi. Sehemu ya kuandikisha ikaniuliza mimi ni wa aina gani. Nikaandika Mtunzaji. Kisha nikachapisha orodha ya chanjo ya Katesh, na nikasimama mbele ya ile printa yenye kelele mpaka nilipoliona jina langu.